Mashine Ipo, Mawe Hayapo: Vinasasauti Vidogo na Hatima ya Sauti za Kale

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Yamkini hawakuwa na betri akilini. Betri ni akiba ya nguvu, nayo huoza: hupungua hata ikiwa imelazwa kabatini bila kuguswa, huvimba, huvuja, na hatimaye huitafuna mashine ile ile iliyotengenezwa kuihudumia. Ndiyo maana anayekusanya vinasasauti vidogo vya zamani hukabiliwa mapema na ukweli mmoja mchungu. Kukipata chombo si kazi ngumu sana. Kazi ngumu ni kukipatia betri inayokitosha. Mashine ipo, mawe hayapo.

Huenda msomaji akajiuliza: jambo hili lina uhusiano gani na jarida la wanafunzi wa Kiswahili? Je, si suala la mafundi wa redio na wapenzi wa vitu vikuukuu? Makala hii inashikilia kwamba ni suala la Kiswahili pia, tena la dharura. Masimulizi, mashairi na mazungumzo ya lahaja yaliyonaswa nyanjani katika nusu ya pili ya karne ya 20 yamo katika kanda. Kanda haina mdomo. Mdomo wake ni mashine. Mashine nayo haina pumzi; pumzi yake ni betri. Kwa hivyo, hoja kuu hapa ni moja: kinasasauti kisichozungumza hakijahifadhiwa, kimehamishwa tu kutoka vumbi moja hadi jingine. Idara za Kiswahili zinapaswa kushughulikia kanda, mashine na betri kama kitu kimoja, kabla ya wanaovielewa vifaa hivi kutoweka.

Ukusanyaji Unaodharauliwa

Mkusanyaji wa vinasasauti aghalabu huonekana kama mtu mwenye wakati wa kupoteza. Anayekusanya stempu au sarafu husamehewa, kwa kuwa vitu vyake ni vidogo, vinapendeza machoni na vina bei inayojulikana. Anayerudi nyumbani na kisanduku cha plastiki kilichopasuka, chenye vitufe vilivyokwama na harufu ya kutu, huulizwa maswali na jamaa zake.

Hata hivyo, kuna tofauti kubwa kati ya makusanyo hayo mawili. Sarafu iliyotiwa ndani ya kijisanduku imekamilika. Haitarajiwi kufanya lolote zaidi ya kutazamwa. Kinasasauti hakiko hivyo. Kiliundwa ili kisikie na kisikike. Kikiwekwa nyuma ya kioo kikiwa kimya, kinafanana na ngoma iliyotobolewa: umbo lipo, mlio hakuna. Mkusanyaji anayejivunia vinasasauti 50 ambavyo hakuna hata kimoja kinachozunguka, kwa hakika ana makaburi 50 yaliyopambwa.

Kauli hii inaweza kuonekana kali kwa wale wanaoamini kuwa kazi ya mkusanyaji ni kulinda umbo la asili tu. Lakini umbo hilo lenyewe lilitokana na kazi. Kuielewa safari ya udogo wa mashine hizi ni kuelewa kwa nini betri si kijalizo tu, bali ndiyo kiini cha suala zima.

Safari ya Udogo

Mdenmaki Valdemar Poulsen ndiye aliyeonyesha, mwaka 1898, kwamba sauti inaweza kunaswa kwa sumaku kwenye waya wa chuma. Mwaka 1928 Fritz Pfleumer wa Ujerumani alipata hataza ya ukanda uliopakwa unga wa chuma, na mwaka 1935 kampuni ya AEG ikaonyesha mashine ya Magnetophon mjini Berlin. Mashine hizo zilikuwa kubwa na zilitegemea umeme wa ukutani. Asiyekuwa na umeme hakuwa na sauti.

Athari ya jambo hilo ilionekana waziwazi Afrika Mashariki. Hugh Tracey, mwasisi wa Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika nchini Afrika Kusini, alinasa nyimbo nyingi nchini Kenya mwaka 1950 na 1952. Ili kuwafikia waimbaji mashambani, alilazimika kusafiri na gari lililobeba mitambo pamoja na jenereta ya kuzalisha umeme. Palipokosa barabara ya gari, palikosa pia kinasasauti. Mtu anaweza kuwaza ni bibi wangapi wa vijiji vya ndani, na ni manju wangapi wa visiwani, ambao hawakusikika kwa sababu tu gari halikuweza kufika.

Udogo ndio uliobadilisha mambo. Mwaka 1951 Ujerumani ilizindua Minifon, kinasasauti cha waya kilichoweza kutiwa ndani ya mfuko wa koti. Kwa vile kilitumia vali za kioo, hakikuridhika na betri ya aina moja. Kilihitaji betri ya kupasha moto nyuzi za vali, nyingine yenye volti nyingi zaidi ya kuziendesha vali hizo, na nyingine tena ya kuzungusha mota. Transista, iliyovumbuliwa nchini Marekani mwishoni mwa mwaka 1947, ndiyo iliyopunguza ulafi huo kadiri ilivyoenea katika miaka ya 1950 na 1960.

Stefan Kudelski, mzaliwa wa Warsaw aliyefanya kazi zake nchini Uswisi, aliziita mashine zake Nagra, neno la Kipolandi lenye maana ya "itanasa". Mojawapo ya mashine hizo, Nagra SN, ilikuwa na urefu wa milimita 147, upana wa milimita 100 na unene wa milimita 26, na iliendeshwa kwa mawe mawili tu ya AA. Mwaka 1963 Philips ilionyesha kaseti na mashine yake ya EL 3300 mjini Berlin. Hiyo ilitumia mawe matano ya C. Mwaka 1969 Olympus ya Japani ikatoa kaseti ndogo zaidi, maikrokaseti, iliyotambaa kwa kasi ya sentimita 2.4 kwa sekunde, karibu nusu ya kasi ya kaseti ya kawaida ambayo ni sentimita 4.76.

Kutokana na maelezo haya ni dhahiri shahiri kwamba aliyeachilia sauti kutoka kwa jenereta ni betri. Bila betri mtafiti asingeweza kupanda mashua, kukaa mkekani na kumsikiliza mzee akighani. Leo betri hiyo hiyo iliyoifungua sauti ndiyo inayoifunga.

Kipimo, Nguvu na Kemia

Swali la betri inayotosha huchukuliwa na wengi kuwa swali la umbo peke yake: inaingia au haiingii? Huo ni mwanzo tu. Betri inapaswa kutosha kwa mambo matatu, yaani kipimo, nguvu na kemia. Anayepuuza mojawapo atajuta, na majuto ni mjukuu.

Tuanze—kwa lugha ya fundi—na kipimo. Jiwe la D, lile kubwa lililozoeleka katika tochi na redio za vijijini, lina kipenyo cha milimita 34.2 na urefu wa milimita 61.5. Jiwe la C lina kipenyo cha milimita 26.2 na urefu wa milimita 50. Jiwe la AA lina kipenyo cha milimita 14.5 na urefu wa milimita 50.5. Mwenye jicho makini atagundua hapa neema iliyojificha: AA na C zinakaribiana mno kwa urefu. Hivyo basi, anayemiliki mashine inayotaka mawe ya C, ambayo ni adimu katika maduka mengi ya mitaani, anaweza kuvalisha mawe ya AA vifuko vya plastiki vya unene unaofaa, yakakaa mahali pa C bila kuitoboa wala kuikata mashine. Hayatadumu muda mrefu sawa na C halisi, lakini volti ni ile ile. Kwa D hali ni ngumu kidogo, kwani pengo la milimita 11 linahitaji kipande cha chuma cha kulijaza.

Jambo la pili ni nguvu. Jiwe jipya la kawaida hutoa volti 1.5. Jiwe la kuchajiwa la nikeli hutoa takriban volti 1.2. Tofauti hiyo ni ndogo kwa jiwe moja, lakini mashine ya mawe matano iliyotarajia volti 7.5 hupokea volti 6 pekee. Baadhi ya mashine huvumilia. Nyingine huzunguka kwa kusuasua. Hatari kubwa zaidi iko upande wa pili. Zipo betri za lithi zenye umbo sawa kabisa na AA ambazo hutoa volti 3.7 kila moja. Mbili zikitiwa katika kinasasauti kilichoundwa kwa volti 3, hukimwagia volti 7.4. Zinaingia bila taabu, na huo ndio mtego wenyewe: kinachoingia si lazima kiwe kinachofaa.

Kwa mashine za kale zilizotaka volti nyingi, mkusanyaji mwenye subira hujiundia betri yake. Vidonge 20 vya volti 1.5 vikipangwa kwa msururu hutoa volti 30. Vidonge 15 hutoa volti 22.5. Vikitiwa katika ganda la betri iliyokufa, mashine huamka bila kubadilishwa hata skrubu moja. Wahunzi walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Jambo la tatu, kemia, ndilo linalosahaulika. Betri za zebaki, zilizobuniwa na Samuel Ruben nchini Marekani wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, zilisifika kwa kutoa volti 1.35 bila kuyumba hadi karibu na mwisho wa uhai wake. Waundaji wa kamera, vifaa vya wenye uziwi na baadhi ya vinasasauti vidogo walizipenda kwa uthabiti huo. Lakini zebaki ni sumu. Ulimwengu uliyaona madhara yake katika mji wa Minamata nchini Japani, ambako ugonjwa uliotokana nayo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba wa Minamata uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017 uliweka mwaka 2020 kuwa kikomo cha kutengeneza na kuuza betri nyingi zenye zebaki. Hakuna mpenzi wa mashine anayestahili kuulalamikia uamuzi huo. Kilicho muhimu ni kutafuta mbadala: betri za zinki na hewa zinazotumiwa katika vifaa vya kusaidia kusikia hutoa volti 1.4, tofauti ndogo inayovumilika katika mashine nyingi.

Fauka ya hayo, kemia ndiyo inayoamua jinsi ya kutibu majeraha. Betri za alkali, zilizoanza kuuzwa kuelekea mwisho wa miaka ya 1950, huvuja magadi makali; uchafu wake juu ya vibati vya kugusia husafishwa kwa pamba iliyochovywa kidogo katika siki au maji ya ndimu. Mawe ya zinki na kaboni huvuja kitu chenye asili ya asidi. Hayo husafishwa kwa maji ya magadi ya kupikia. Asiyejua tofauti hiyo huongeza chumvi katika kidonda. Na dawa bora kuliko zote ni kinga: mashine isiyotumika isiachwe na betri ndani, hata kwa wiki chache.

Betri Dhaifu, Lugha Iliyopotoka

Hadi hapa suala linaweza kuonekana la kiufundi tu. Lakini lipo jambo ambalo kila mwanaisimu anapaswa kulijua. Betri haiamui tu kama kanda itasikika. Huamua pia itasikika vipi.

Vinasasauti vidogo vya bei nafuu vya miaka ya 1960 vilizungusha gurudumu la ukanda moja kwa moja, bila kile kipini cha chuma kinachouvuta ukanda kwa kasi isiyobadilika. Kasi yake ilibadilika kadiri gurudumu lilivyojaa, na ilipungua kadiri betri ilivyochoka. Hata katika mashine bora zaidi, betri iliyokaribia kufa hulegeza mota. Ukanda ulionaswa polepole ukisikilizwa kwa kasi sahihi, sauti hutoka nyembamba na ya haraka. Mzee wa miaka 70 husikika kama mtoto. Kinyume chake, kanda nzuri ikisikilizwa kwa betri dhaifu, sauti huwa nzito na ya kuburuta.

Je, mtafiti wa kiimbo atategemea vipi data ya namna hiyo? Anayepima urefu wa irabu katika Kiamu au Kimvita, anayechunguza shadda, au anayesikiliza mwendo wa mghani wa utenzi anavyopumua baina ya vina, anaweza kukadiria udhaifu wa betri ya mwaka 1975 akidhani anakadiria lugha. Kosa hilo halirekebishwi kwa kukisia. Hurekebishwa na mtu anayeijua mashine iliyotumika, aina ya betri zake na kasi yake ya kawaida. Kwa mintarafu hii, mkusanyaji wa vinasasauti si mtu wa pembeni katika taaluma ya lugha. Ni shahidi wa kuaminika kuhusu hali ya data yenyewe.

Sauti Zinazosubiri

Mnamo Oktoba 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka maarufu katika Chuo Kikuu cha Nairobi wakitaka fasihi ya Kiafrika, pamoja na fasihi simulizi, iwe kitovu cha masomo. Mkutano wa mwaka 1974 kuhusu ufundishaji wa fasihi katika shule za Kenya uliusukuma mjadala huo mbele. Mwelekeo huo mpya ulimtaka mwanafunzi wa fasihi atoke darasani aende kwa wazee, na chombo chake kilikuwa kinasasauti cha betri.

Pwani nayo haikungoja vyuo vikuu. Mashairi ya Kimwondo, yaliyozuka Lamu kutokana na ushindani wa uchaguzi katikati ya miaka ya 1970, yalisambaa kwa kanda za kaseti: mtu alighani, kanda ikasafiri, jibu likarudi kwa kanda nyingine. Wasiya wa Mabanati wa Mahmoud Abdulkadir wa Lamu, maarufu kama Mau, ulifika katika nyumba nyingi kwa njia hiyo hiyo. Kaseti haikuwa kivuli cha kitabu. Kwa mashairi haya, kaseti ndiyo iliyokuwa chapa ya kwanza. Anayesoma maandishi peke yake husoma maneno. Sauti ya mghani, mahadhi yake na vituo vyake vimo ndani ya ukanda.

Ikumbukwe kwamba UNESCO, kupitia mpango wake wa Habari kwa Wote na kwa ushirikiano na jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, IASA, ilianzisha mradi wa kutoa tahadhari kuhusu kanda za sumaku mwaka 2019. Onyo lilikuwa bayana: ukanda unaweza kuwa mzima huku mashine za kuusikilizia, vipuri vyake na ujuzi wa kuzitumia vikiisha kwanza. Kwa kaseti ya kawaida bado kuna nafasi, kwani mashine zake ni nyingi. Kwa maikrokaseti hali ni tofauti, maana haisomeki katika mashine ya kaseti ya kawaida. Wala haiingiliani na minikaseti ya Philips ya mwaka 1967, ingawa kwa macho ya mgeni zinafanana kama mapacha. Mwenye kanda ya aina hizo hana budi kukitafuta kile kile kinasasauti kidogo ambacho jirani yake alikicheka.

Hata soko la mawe limebadilika. Kiwanda cha Eveready mjini Nakuru, kilichoanza mwaka 1967 na kuzoeleka kwa mawe makubwa ya tochi na redio, kilifungwa mwaka 2014 kutokana na ushindani wa bidhaa za bei nafuu kutoka nje. Mawe bado yanauzwa, lakini kufungwa huko ni ishara kwamba jiwe la betri linaondoka katikati ya maisha ya kila siku. Kinachoondoka katika maisha ya watu huondoka baadaye katika maduka, kisha katika kumbukumbu.

Hoja za Wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba simu ya mkononi hunasa sauti kwa ubora unaoushinda wa mashine hizi zote. Ni kweli, na hakuna haja ya kumtuma mwanafunzi wa leo nyanjani na mashine ya mwaka 1969. Lakini simu hunasa sauti za walio hai. Haiwezi kumrudisha mghani aliyefariki mwaka 1982. Sauti yake imo katika kanda, na kanda haina masikizano na simu. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Wengine watadai kwamba kazi hii ni ya wahandisi, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ashughulike na ngeli na fani. Hoja hii inasahau kwamba mhandisi anaweza kuifufua mashine bila kujua kanda ipi ipewe nafasi ya kwanza. Hatatambua kama sauti anayoisikia ni Kitikuu au Kipate, wala kama mwendo wa beti umeharakishwa kupita kawaida. Masikio ya mwanalugha na mikono ya fundi vinahitajiana.

Kundi la tatu, na hili lina uzito zaidi, litasema kwamba ni salama kutumia umeme wa ukutani kuliko kuhangaika na betri. Kifaa cha maabara kinachoweza kupimiwa volti kamili kwa kweli ni msaada mkubwa, hasa wakati wa kuijaribu mashine. Hata hivyo, vibadilisha umeme vya bei nafuu huingiza mvumo ndani ya sauti, na baadhi ya plagi za zamani zina chanya pale ambapo nyingine zina hasi. Plagi ikiwekwa kinyume mara moja, mashine iliyodumu miaka 50 inaweza kufa kwa sekunde moja. Betri iliyochaguliwa vyema hutoa umeme mtulivu, usio na mvumo, na kwa ajili hiyo bado ina nafasi yake siku ya kuinakili kanda.

Wa mwisho ni wahafidhina wa ukusanyaji, wanaokataa kuona chochote kisicho cha asili kikitiwa ndani ya mashine. Wana haki kwa nusu. Kukata kuta za chumba cha betri, kulehemu waya mpya na kutoboa matundu ni uharibifu. Ila jibu la uharibifu si ukimya. Sharti betri ndiyo ibadilike, si mashine: vifuko, maganda na vijazo ambavyo vinaweza kuondolewa kesho bila kuacha alama. Hapo ndipo uasilia na uhai hupatana.

Nini Kifanywe

Pendekezo la kwanza ni dogo na halihitaji bajeti kubwa. Kila chama cha wanafunzi wa Kiswahili kianzishe daftari la kanda na vinasasauti vilivyomo katika idara, maktaba, na nyumba za wahadhiri waliostaafu ambao wako radhi kushirikiana. Daftari lionyeshe aina ya kanda, aina ya mashine, idadi na kipimo cha betri, na volti zinazohitajika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali hii inapotea sasa.

La pili, vyama hivyo vitafute ushirikiano na idara za fizikia na uhandisi, pamoja na mafundi wa redio. Katika maeneo kama Barabara ya Luthuli jijini Nairobi, inayojulikana kwa maduka ya vifaa vya elektroniki, kuna ujuzi ambao hauandikwi vitabuni. Mafundi waliozifungua mashine hizi zikiwa mpya wanazeeka, na maarifa yao nayo ni simulizi yanayostahili kunaswa. Ni kinaya kwamba wanafunzi wanaofundishwa kukusanya maarifa ya wazee hupita mbele ya fundi mzee kila siku bila kumuuliza lolote.

La tatu ni tahadhari. Kanda ya thamani isitiwe katika mashine ambayo haijajaribiwa kwa kanda isiyo na kitu. Mikanda ya mpira ndani ya mashine kuukuu hugeuka kuwa kama ulimbo, na mashine mbovu huumeza ukanda. Kabla ya yote, vile vijiplastiki viwili vilivyo mgongoni mwa kaseti vivunjwe, ili kitufe cha kunasia kikibonyezwa kimakosa kisifute kilichomo. Betri zipimwe kwa mita kabla ya kazi kuanza, na kanda inakiliwe mara ya kwanza inaposikika vizuri, kwa kuwa huenda pasiwe na mara ya pili. Aidha, aina ya mashine na volti zilizotumika ziandikwe pamoja na nakala, ili mtafiti wa kesho ajue alichokisikia kilipitia wapi.

La nne linahusu heshima. Sauti iliyofufuliwa ina mwenyewe. Nakala ipelekwe kwanza kwa aliyeghani au kwa familia yake, na ruhusa yao iombwe kabla sauti hiyo haijaenezwa. Mtafiti aliyechukua sauti mwaka 1978 akaiacha ikioza sandukuni ana deni. Wanaorithi sanduku wanarithi deni hilo pia.

Hitimisho

Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mwaka 2021, sherehe zimeongezeka, na hilo ni jambo la kutia moyo. Lakini lugha haitukuzwi kwa hotuba pekee ilhali wasemaji wake wa jana wamefungiwa katika visanduku vya plastiki kwa kukosa mawe mawili ya AA. Mkusanyaji anayezunguka akitafuta betri ya kipimo kisichouzwa tena anafanya kazi ambayo taasisi zilipaswa kuifanya. Asichekwe, aungwe mkono, na aombwe kufundisha.

Kila mwaka idadi ya mashine zinazozunguka hupungua, na kila kanda inayosubiri huzidi kukauka. Kazi iliyobaki haihitaji miujiza: daftari, mita ya kupimia umeme, vifuko vya plastiki, fundi mwenye subira na mwanafunzi mwenye masikio makini. Wakipatikana hao, mawe yatapatikana, na wazee watazungumza.